Kilo za Mama

Kaka aliisukuma picha ya jeti juu ya meza hadi ikagusa vidole vya Mama, kisha akakaa kusubiri kama mtu aliyetega ulimbo.

"Hiyo ndiyo itakayokupeleka hospitali, Mama," alisema. "Unapanda hapa, unashuka kule. Hakuna kutua njiani. Hakuna kushushwa juani kama gunia la makopo."

Maneno ya mwisho aliyasema akinitazama mimi.

Nilikuwa nimekaa upande wa pili, karibu na dirisha linalotazama yadi. Chini yetu mashine ya kukandamiza ilikuwa ikitafuna makabati ya chuma, na kila ilipobana, glasi za maji zilitetemeka mezani. Ofisi yetu haijui ukimya. Baba aliijenga juu ya yadi makusudi, akisema tajiri asiyesikia kelele za mali yake ataibiwa. Sisi ni watu wa vyuma chakavu. Tunanunua mabati, nyaya, injini zilizokufa na milango ya magari. Tunapima, tunakata, tunauza kwa kilo. Baba alipofariki alituachia yadi tatu, ndege moja ndogo ya pangaboi, na amri moja: usinunue kitu kabla hakijakaa kwenye mizani.

Pangaboi ndiyo ninayoirusha mimi. Inabeba vipuri na mafundi kutoka yadi hadi yadi, na kila baada ya miezi michache inampeleka Mama kwa daktari wake wa moyo, mbali, ng'ambo ya mipaka. Haiwezi kufika huko kwa mafuta ya mara moja. Tunatua katikati kujaza, na wakati wa kujaza abiria hawaruhusiwi kubaki ndani. Kwa hiyo Mama hushuka ngazi, hukaa kwenye kibanda cha bati, kisha hupanda tena. Safari iliyopita miguu ilimkatika kabla hajaifikia ngazi. Alianguka kwenye lami ya moto. Mimi nilikuwa juu ya bawa, nimeshika kifuniko cha tangi.

Kaka alikuwa na hoja, basi. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

"Ili tuinunue," aliendelea, "tunauza pangaboi. Mnunuzi nimeshampata. Na rubani wa jeti nimeshampata, mtu mzima, ameota mvi angani."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa ofisini. Utatupangia safari."

"Kunguru ndani ya tundu!" alisema Shangazi, akacheka peke yake. Kunguru ndilo jina alilonipa Kaka tangu tukiwa wadogo, kwa sababu ya kelele zangu na kwa sababu kunguru hafugiki. Shangazi ni dada yake Baba. Ana hisa chache na mdomo mwingi, na katika kila kikao huvitumia vyote viwili.

Mama hakucheka. Nusu ya kampuni ni yake. Sisi wengine tunagawana nusu iliyobaki, kwa hiyo vikao vyetu vyote ni kelele zinazosubiri Mama afungue kinywa. Aliiinua picha, akaiweka mbali na macho yake, akaisogeza karibu tena.

"Ina umri gani?" aliuliza.

Swali lilimwendea dalali, mwanamume mwembamba mwenye suti ya kijivu na sauti laini kama ya mtu anayeuza marashi. Kaka alikuwa amemkalisha kulia kwake. Kushoto alikaa mke wa Kaka, akiwa na mkoba mapajani mkubwa kama begi la fundi bomba.

"Imepita thelathini, sikufichi," alisema dalali. "Lakini ndege si maziwa, mama yangu. Haichachi."

"Injini zake zimebakiza nini?" niliuliza.

"Zina maisha."

"Hata kuku wa sokoni ana maisha. Saa ngapi?"

Alimtazama Kaka kwanza. "Kama saa mia tatu za kuruka kila moja. Halafu lazima zifumuliwe na kuundwa upya."

"Na kufumua injini mbili ni bei gani?"

"Inategemea karakana."

"Karakana ya bei nafuu kabisa."

"Inakaribia..." Alirekebisha tai. "Inakaribia bei ya ndege yenyewe."

Nilimgeukia Mama. "Umesikia? Tunanunua ndege moja kwa bei ya mbili. Ya pili tutailipia ikiwa imelala karakana. Na bado sijauliza bima. Sijauliza vipuri, maana kiwanda kiliacha kuitengeneza mimi nikiwa naota meno. Sijauliza mafuta. Jeti hii kwa saa moja inakunywa kile ambacho pangaboi inakunywa saa nne."

"Na inakwenda mara mbili ya kasi!" Kaka alipiga meza. "Hilo mbona hulisemi? Unahesabu mdomo wake tu, miguu yake huioni."

"Miguu mara mbili, mdomo mara nne. Fanya hesabu, Mkurugenzi."

"Sikia, Mama." Aliniacha, akainama kuelekea kwake, na sauti yake ikabadilika ikawa ile ya yadini. "Tuseme yote anayosema Kunguru ni kweli. Tuseme injini zimekwisha, hatufumui. Tunafanya nini? Tunaikata! Bawa lile ni aluminiamu tupu. Ndani ya injini mna titani. Kuna nyaya humo za kuzungushia yadi hii yote. Watu wengine ndege ikiwafia wanalia. Sisi ikitufia tunaipima. Nani duniani anajua kuuza mzoga wa chuma kutushinda sisi?"

Mama alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza tangu tukae, na lilinichoma. Ni kosa la watu wa kazi yetu: kila kitu tunakiona kikiwa kimeshakatwa. Mtu mwingine akiuziwa gari anauliza linakwendaje. Sisi tunauliza lina kilo ngapi.

"Ng'ombe hanunuliwi kwa bei ya ngozi," nilisema. "Unauliza kwanza anakula nini. Ngozi utaipata siku moja. Majani ni kila siku."

"Yaani unavyotetea!" alisema mke wa Kaka. "Wifi, si useme tu? Jeti ikija, leseni yako haiigusi."

"Kweli kabisa, wifi. Leseni yangu haiigusi. Natetea kiti changu. Na hesabu ni ileile hata ikisemwa na mwizi."

"Kiti," alisema Kaka taratibu. "Mama alianguka kwenye kituo chako, mdogo wangu. Uso kwenye lami. Wewe ulikuwa juu ya bawa unalinda mafuta. Halafu leo unakuja kutuhesabia majani ya ng'ombe."

Chini, mashine ilibana kitu kikubwa, glasi zikalia. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nimeruka kutoka kwenye lile bawa nikachubuka magoti, lakini magoti yangu hayakuwa hoja, na yeye alilijua hilo.

"Maneno yamenitosha," alisema Mama. "Nina swali moja. Inafika bila kutua, au haifiki?"

"Inafika, mama yangu," dalali alijibu haraka. "Masafa yake ni kilomita elfu tatu na mia saba. Hospitali iko elfu tatu na mia tatu. Unafika na chenji mkononi."

"Masafa hayo," nilisema, "ni ya abiria wangapi?"

Nitamsifu dalali kwa jambo moja: hakudanganya. Aliangalia kompyuta yake bapa kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa humo kwa herufi ndogo, na kwa kweli lilikuwa limeandikwa humo kwa herufi ndogo.

"Wawili," alisema.

"Na sisi ni wangapi?"

"Mimi, Mama, na muuguzi wake," alisema Kaka. "Na mke wangu."

"Na mimi," alisema Shangazi. "Mnadhani nimekuja kikaoni kunywa maji?"

"Watano," nilisema. "Na mizigo. Na mashine ya hewa ya Mama. Mama, ni kama lori. Lori la tani kumi halijali umelipakia chuma au maji, tani ni tani. Jeti hii ikijazwa mafuta hadi juu, uzito unaobaki wa kuruhusiwa ni watu wawili na vibegi vyao. Ukiongeza mtu wa tatu, unapunguza mafuta kilo kwa kilo. Ukipunguza mafuta, unapunguza masafa. Na kwenda kule upepo ni wa mbisho, unaipiga ndege usoni njia nzima."

"Watu watano si tatizo kubwa," alisema dalali. "Kitabu kinamhesabia kila abiria kilo sabini na saba. Nikiingiza hapa..."

Shangazi alimkata kwa kicheko. "Sabini na saba! Mwanangu, sabini na saba niliziacha kidato cha pili."

Hapo ndipo nilipoipata nafasi yangu, na niliichukua kwa mikono miwili.

"Amri ya Baba ni ipi?" niliuliza. "Usinunue kabla ya mizani. Tunataka kununua masafa, na masafa ya ndege hii ni sisi wenyewe. Basi tupande."

Nilifungua dirisha, nikampigia kelele msimamizi wa yadi alete mizani ya shaba, ile ndogo ya sahani tunayoiamini kuliko zote, kwa sababu shaba ni ghali na kila gramu ina mwenyewe. Kaka alisema huo ni upuuzi. Alisema hivyo akimtazama Mama, na Mama alikuwa anaangalia mlango. Amri ya Baba ni amri ya Baba. Tena miaka yote ya mwanzo, kabla hatujaweza kuajiri mtu, aliyekaa kwenye mizani alikuwa Mama. Wauza vyuma walimwogopa kuliko polisi. Alijua gunia lililoloweshwa kwa kulisikia linavyotua.

Msimamizi na mpagazi mmoja waliipandisha mizani, wakaiweka katikati ya chumba, wakasimama mlangoni. Ningewaambia waende. Niliwaona, nikajua wanapaswa kwenda, nikanyamaza.

Kaka alipanda wa kwanza, kifua mbele, kama bondia anayepimwa uzito. Tisini na nane. Mke wake alikabidhi mkoba kwa Shangazi kabla ya kupanda.

"Na mkoba," alisema Mama.

"Mama, mkoba ni mwepesi tu."

"Basi hauna haja ya kuuficha. Mkoba hautembei wenyewe."

Ulipanda mkoba. Namba nyekundu zikarukaruka, zikatulia kwenye sabini na tisa. Mke wa Kaka alishuka kama mtu aliyekanyaga maji.

Shangazi alipanda huku akitutania sote, mkono mmoja umeegemea ukingo wa meza.

"Mkono," alisema Mama.

"Mkono gani tena, wifi yangu?"

"Huo ulioegemea meza. Inua."

Shangazi aliinua. Namba ilipanda kilo kumi hivi, hadi mia moja na nne. Hata dalali alitabasamu.

"Maisha yangu yote," Mama alisema, "watu wananitilia mawe kwenye magunia ili kilo zizidi. Leo ndiyo kwanza naona watu wanaiba kilo zao wenyewe." Alikuwa amechangamka. Macho yake yalikuwa yale ya yadini, makali, yenye raha. Sikuwa nimeyaona tangu augue. Kisha yakanijia mimi. "Nani amebaki? Muuguzi hayupo."

"Muuguzi tutamhesabia za kitabu," nilisema. "Amebaki mmoja."

"Mimi?"

"Na wewe, Mama."

Aliegemeza mikono kwenye meza, akasimama. Ugonjwa wake unamjaza maji. Miguu inavimba, na viatu anavyovaa sasa ni vya Baba. Alitembea hadi kwenye mizani akisikika anavyopumua. Mpagazi pale mlangoni alisogea nusu hatua, kama mtu anayetaka kumshika mkono, kisha akakumbuka nafasi yake. Mama alipanda bila kushika kitu. Akanyoosha mgongo. Yeye aliyesoma mizani ya watu maisha yake yote sasa hakuweza kuisoma, kwa sababu ilikuwa chini ya tumbo lake.

"Mia moja na kumi na mbili!" Shangazi alisoma kwa sauti ya mnadani. "Wifi yangu, umenishinda! Leo nimepata wa kunivua aibu."

Mke wa Kaka alichunguza kucha zake. Msimamizi alitazama dari. Mama hakushuka mara moja. Alibaki juu pale, mikono pembeni, na nilimwona akiangalia mlangoni walikosimama wale wanaume wawili waliokuwa wakimwita Mama Mkubwa.

Kisha akashuka, akarudi kwenye kiti chake.

"Ingiza," alimwambia dalali.

Dalali aliingiza. Watu, mizigo, mashine ya hewa, upepo wa mbisho. Kompyuta yake ilichora ramani, na kwenye ramani mstari uliotoka kwetu ukaenda, ukaenda, ukageuka mwekundu kabla ya kuufikia mji wa hospitali. Si kwa mbali sana. Kilomita mia mbili na kitu.

"Haifiki," nilisema. Sitajisingizia upole: nililisema kwa utamu.

"Ngoja," alisema Kaka. Alimnyang'anya dalali kompyuta. "Ngoja. Mizigo hii ya nini? Kila mtu mkoba mmoja." Akafuta. Mstari ukasogea kidogo, bado mwekundu. "Shangazi, wewe safari hii ungebaki."

"Nibaki wapi?"

"Nyumbani. Kwani unaumwa?"

"Nitaanza kuumwa sasa hivi ukinifuta humo! Hisa za ndugu yangu zinanunua ndege, halafu mimi niwapungie mkono? Nirudishe! Nirudishe nikikuona!"

Alimrudisha. Akamgeukia mke wake, kidole kikiwa hewani tu juu ya jina.

"Nishushe kwenye ndege," alisema mke wake, bila kuinua sauti, "na mimi nitakushusha kwenye nyumba."

"Basi shuka wewe mwenyewe, Mkurugenzi," nilisema. "Tisini na nane. Ukishuka wewe utakuwa umeokoa mafuta mengi."

"Mimi nina mkutano kule na wanunuzi wa chuma! Safari yenyewe nimeipanga kwa ajili ya..." Alimeza neno. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alikuwa ameinamia kile kioo, anafuta, anarudisha, anafuta, na mimi nilizidi kumchokonoa: "Bado nyekundu, Kaka. Jaribu kushusha na rubani." Shangazi alicheka. Kaka hakusikia tena. Najua hali ile. Ni ya mtu anayefungua nati iliyoshika kutu. Hatazami tena mashine, anatazama nati tu.

Akagonga mara tatu, haraka haraka. Mstari ukaruka mbele, ukaugusa mji, ukawa wa kijani.

"Inafika!" alipiga kelele. Alisimama, akaizungusha kompyuta, akaiweka mbele ya Mama kwa mikono miwili. "Si nilisema? Tazama! Inafika bila kutua! Tazama mwenyewe, Mama!"

Mama alitazama. Alisoma polepole, kidole kikishuka jina kwa jina. Kikafika chini, kikarudi juu, kikashuka tena.

"Mimi niko wapi?" aliuliza.

Mashine ya yadini ilikuwa imesimama. Sijui kama ilisimamishwa au ilikuwa inapakiwa upya. Ninachojua ni kwamba tulimsikia vizuri.

"Mama, hii ni..." Kaka aliikodolea macho kompyuta kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeigusa. "Huu ni mfano tu. Nilikuwa naangalia kama..."

"Nauliza niko wapi. Muuguzi hayupo. Mashine yangu ya hewa haipo. Nani anakwenda hospitali?"

"Wewe uko chini, wifi yangu," Shangazi alimwambia. "Wamekuacha uwanjani."

"Safari ya kwanza tu!" alisema Kaka. "Tungekwenda sisi kwanza, halafu ndege ingerudi kukuchukua. Ukitoka wewe unatoka na muuguzi na mashine, ndiyo maana hesabu... ni hesabu tu, Mama!"

"Hesabu," alisema Mama. Aliigeuza kompyuta kifudifudi, akaisukuma kwa dalali. "Wewe hukunidanganya. Nenda salama."

Dalali alikusanya vitu vyake, akatoka akiinama, akapita katikati ya wale wanaume wawili waliokuwa bado wamesimama mlangoni. Kaka alinigeukia.

"Umefurahi sasa? Sema! Umefurahi?"

"Sana," nilisema. "Sijawahi kukaa kikao kitamu kama hiki."

"Mchawi wewe. Ulikuja na mtego wako tayari."

"Mtego nilioukuta mezani ni wako. Na picha yake ilikuwa ya rangi."

"Ulijua," alisema Mama.

Nilidhani anamwambia Kaka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Ulijua kabla mizani haijapandishwa ngazi. Usinidanganye, nimekuzaa."

"Nilijua," nilisema. "Kaka aliponitajia aina ya ndege nilipiga hesabu siku ileile."

"Na kilo zangu?"

"Nakufunga mkanda kila safari, Mama. Nakadiria. Ni kazi yangu."

"Kumbe." Alivua miwani. "Chumba chako na changu vinatazamana. Mlango wangu haufungwi. Ungekuja, ukakaa kitandani, ukaniambia: Mama, wewe ni mzito, jeti haitafika. Ningekutukana. Ningelala. Asubuhi ningemwambia kaka yako asimlete huyo mtu."

"Usingeniamini. Ungesema natetea kiti changu."

"Hukujaribu."

Jibu nilikuwa nalo, lakini halikufaa kusemwa mbele yake: nilitaka aone kwa macho yake, na nilitaka Kaka aonekane alivyo. Kwa hilo nilihitaji kitu kizito, na kizito kilichokuwepo ni yeye.

"Kaka yako amenifuta kwa kidole, hata hakujua amenifuta," alisema. "Wewe umenipandisha kama gunia, mbele ya vijana wangu, na ulijua. Sijui nimpige nani kwanza."

"Mama..."

"Nyamaza. Jeti hainunuliwi. Pangaboi haiuzwi, chuma kinachofanya kazi hakikatwi. Hilo limekwisha." Kaka alisukuma kiti chake kikaanguka. Mama hakukitazama. "Na mimi nitapanda ndege ya abiria, ile kubwa. Inakwenda kule kila wiki bila kutua."

"Ndege ya watu wote?" Kaka alishika kichwa. "Mama, wewe mwenyewe ulikataa! Foleni? Usukumwe kwenye kiti cha magurudumu umati ukikutazama?"

"Nimepimwa mbele ya mkeo na wapagazi, na kilo zangu zimenadiwa kwa sauti. Foleni itaniongezea aibu gani ambayo sijaibeba?"

"Nitakurusha mimi," nilisema. "Nitatafuta kituo kingine, chenye kivuli, chenye watu wa kukubeba. Sitakuacha ushuke peke yako tena."

"Wewe utabeba vipuri," alisema Mama. "Mizigo unaiweza."

Alimwita msimamizi kwa jina lake la utani, akampa mkono, na yule mtu akamshika akamshusha ngazi taratibu, hatua kwa hatua. Mpagazi alibaki kuiangalia mizani, hajui kama airudishe au aiache. Nilimwambia airudishe.

Ndivyo nilivyookoa kiti changu. Kaka hanisemeshi, akitaka ndege anamtuma msimamizi. Mke wake akinikuta mlangoni anahamishia mkoba wake bega la pili. Shangazi peke yake ndiye anayenitania bado, na utani wake siku hizi una pilipili nyingi: "Kunguru wetu, umeshapima nani leo?"

Wiki ya safari ya Mama, nilipangiwa kupeleka mota nzito kwenye yadi ya tatu. Tuliifunga mbele, nyuma ya kiti changu, mahali pekee ilipoenea. Nilipopiga hesabu ya kusawazisha uzito nikaona pua imezidi uzito. Ndege ya namna ile inataka kitu mkiani, la sivyo haiinuki vizuri. Kiti cha mwisho nyuma kilikuwa kitupu. Ndicho anachokaa Mama.

"Nikuwekee kitu hapo, Rubani?" aliuliza msimamizi.

"Viroba vya shaba. Vifunge mkanda."

"Kilo ngapi?"

Hesabu ilikuwa inaruhusu mia moja, inaruhusu na mia moja na ishirini. Nilimtajia namba. Mkono wake ulisimama kwenye mkanda. Alikuwa mlangoni siku ile ya mizani; namba aliijua kama ninavyoijua mimi. Alikwenda akapima, akaongeza kipande, akatoa kipande, mpaka ikasoma sawasawa, akavipakia kitini kimoja kimoja.

Nilipofika juu, redio ilikuwa na shughuli. Katikati ya sauti nyingi niliisikia ndege kubwa ya abiria ikiomba kupanda juu zaidi, ikiutaja mji wa hospitali. Ilikuwa siku ya Mama kusafiri, na saa yake. Rubani alisema wako sawa, watakwenda moja kwa moja. Nilibonyeza kitufe cha kuongea. Nilikuwa na neno la kumpa ampelekee mtu fulani, amekaa humo ndani, viatu vyake vya kiume. Mwongoza ndege aliuliza ni nani anayeita.

Nikaachia kitufe. Nyuma yangu, ndege ilipoyumba kidogo, shaba ililia ndani ya mkanda.